Maji ya Mama Kwenye Injini

Ninyi vijana mtakaoyasoma haya, kaeni vizuri, maana sitarudia. Shule niliisoma kidogo. Lakini gari linalokosa moto nalijua kwa sikio, na nitawaambia nilikojulia.

Juzi mjukuu wangu alinichukua Masasi kwa pikapu yake, ile iliyotembea mpaka namba za dashibodi zimegoma kuhesabu. Kule chini tulikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda kuja Newala, ikaanza: inavuta, inakata, inavuta tena. Mjukuu akapiga usukani. "Bibi, nikiipeleka kwa fundi inatulia kama mwali. Nikitoka tu, inaanza." Masikio yangu yalikuwa yamesharudi Mnyambe.

Mnyambe ya utoto wangu ilikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Muhogo ulikuwepo, ming'oko, vile viazi vya mwitu, tulichimba porini, korosho tulichoma wenyewe mpaka mafuta yake yakatubabua midomo. Maji tulikinga ya mvua, na kiangazi kikikaza tulifyonza mabibo kudanganya kiu. Asubuhi tulinawa uso juu ya beseni, na yaliyodondoka walipewa kuku.

Maji mengine yaliletwa kutoka bondeni na lori la jirani yetu, lori la petroli, kuukuu, mlango umefungwa kwa kamba. Likisikika mbali, kinamama waliacha kutwanga wakakimbilia ndoo. Kiangazi kimoja likaanza kukosa moto. Tambarare linaunguruma vizuri. Likikuta mlima na mapipa yamejaa, linakohoa. Ili lifike juu, jirani ilimbidi amwage maji njiani. Akifika na mapipa matupu anapokewa kwa maneno: "Umeyanywa yote wewe, baba? Mbona tumbo halijavimba?" Alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akachuja petroli kwa kitambaa. Lori likatulia, tukashukuru. Safari iliyofuata likakata palepale mlimani.

Wakati huo mama yangu alikuwa amejifungua mdogo wangu. Nyumba zote za jirani zilikuwa zimekauka. Kwetu ulibaki mtungi mmoja nyuma ya mlango, haujajaa, nao ulikuwa wa mama: wa uji wa mtama, wa kumkandia, wa kumwogeshea mtoto. Bibi mzaa mama aliulinda. Sisi watoto tukiusogelea alikohoa tu, tukageuka.

Jirani akamleta fundi kutoka Masasi. Fundi akasema waya mmoja wa plagi umepasuka mahali pasipoonekana, moto unavujia pale. Ili aujue ni upi, injini iungurume, naye azinyunyizie waya maji. Ule mbovu ukilowa, injini itashtuka.

Watu wakacheka, cheko la uchungu. "Huyu fundi au mganga?" akasema mwanamke mmoja. "Sisi hatujaoga, lori lioge?"

Macho yote yakageukia kwetu, kwenye mtungi. Bibi akasimama mlangoni. "Maji ya mzazi hayatoki."

Jirani akambembeleza, wengine wakamzomea, wengine wakasema bibi ana roho mbaya. Ndipo sauti ya mama ikatoka ndani, nyembamba, naye hakuzoea kumbishia mama yake. "Mama, mbona mnanigombania kama mimi sipo? Yakikaa hapo yatakwisha tu. Lori likipona yatakuja mengine. Mpeni."

Bibi akachota kata moja. "Ukiyachezea," akamwambia fundi, "nitakuliza hapa hapa nikinge machozi."

Fundi akanyunyiza kwa ufagio wa chelewa, waya mmoja baada ya mwingine. Lori likaunguruma kama halijawahi kuugua. Kata ikaisha. Safari hii hakuna aliyecheka. Ndani mtoto alikuwa analia.

Fundi akakuna kichwa. "Halijachoka, ndiyo maana linatudanganya. Tulichoshe." Wakaweka gogo mbele ya magurudumu. Jirani akatia gia, akaachia klachi kidogo kidogo huku anakanyaga mafuta, lori likasukuma gogo likitetemeka kama liko mlimani. Injini ikachemka. Fundi akaomba kata nyingine. Bibi akageuka kumtazama mama. Mama akaitikia kwa kichwa.

Aliponyunyizia waya uliojificha chini, lori likakohoa, kikohozi kilekile cha mlimani. Akanyunyiza tena, likakohoa tena. Wanawake wakapiga vigelegele. Fundi akaufunga waya kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Jioni lori likapanda na mapipa yamejaa, na jirani akateremsha la kwanza mlangoni kwa mama.

Lori lile lilishakatwakatwa likauzwa chuma chakavu. Maji ya bomba huja siku yakipenda, na hakuna mlio wa kukimbilia. Vinu vyenyewe havisikiki. Mjukuu wangu anataka kubadilisha injini nzima, maana hana subira ya kutafuta. Nayakumbuka hayo yote, lakini kinachonikaa zaidi moyoni ni ule uwanja uliojaa watu wazima, wanagombania maji ya mwanamke, na hakuna aliyemuuliza mpaka alipojisemea mwenyewe kutoka kwenye mkeka.

Tulipofika Newala siku ile, nilikuta mke wa mjukuu amerudi nyumbani kutoka hospitali na mtoto mchanga, na sebule nzima inampangia: ale nini, akandwe na nani, apelekwe kwao lini. Kila mmoja anajua. Mlango wa chumba chake umefungwa. Nikagonga bakora sakafuni.

"Nyamazeni wote. Mmoja aingie ndani akamuulize mwenyewe."