Diwani Aliyekataa Wali wa Bondeni

Saa kumi na moja na robo alfajiri ya Jumanne nilipigiwa simu: diwani mstaafu, mama niliyewahi kufuatana naye katika ziara za kukagua mikopo ya halmashauri, amefariki nyumbani kwa binti yake, Milanzi. Mchana tulikuwa msibani. Kabla ya jua kuzama nilikuwa nimesikia neno lilelile kwa watu wengi: marehemu alikuwa mwema, ila hakujua kupokea ukarimu. Msemaji wa mwisho alituomba tumsamehe kwa hilo. Waombolezaji waliitikia. Mimi sikuitikia.

Wasomaji wanaijua mikopo hiyo, fedha zisizo na riba wanazopewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kimoja kikirejesha, kingine hupata. Siku ninayoikumbuka tuliteremka bondeni, upande wa Mtowisa, kutazama mashine ya kukoboa mpunga ya kikundi cha wanawake. Huku juu uwandani, mafundi cherehani wenye ulemavu walikuwa wakisubiri fedha hizo zirudi ili nao wakopeshwe. Tulikuta mkeka umetandikwa, wali unafuka, kuku wameungwa. Aliyetupokea ni mume wa mwenyekiti wa kikundi.

“Mheshimiwa, karibuni kwanza mle. Mashine haikimbii.”

“Kama haikimbii, twende tukaisalimie.”

“Fundi kaondoka na mkanda wake, mama.”

“Nitautazama mwili. Mkanda nitaukuta siku nyingine.”

Watu walicheka. Yule bwana naye akacheka, akajaribu njia nyingine. “Mama, mla cha mwenzake na chake huliwa. Nasi tutapanda Sumbawanga tuje kula kwako.”

“Hicho ndicho ninachokiogopa, baba.”

Alitoa kwenye kikapu ugali wake wa ulezi uliopoa, akaula amesimama. Dereva wetu alinung'unika, “Sasa Mheshimiwa, hata mimi nisile?” Akamjibu, “Wewe kula, mwanangu. Wewe husaini.”

Kwenye banda la mashine tulikuta mbuzi tu, na magunia ya mpunga ambao haujakobolewa. Mama mmoja wa kikundi alikuwa akipita na ndoo ya maji. Diwani alimwuliza wanakoboa wapi. “Kijiji cha pili, tunalipia.” Na mkopo je? “Mkopo gani tena, mama?” Ndoo ikashuka chini. “Kumbe mimi nadaiwa?”

Ripoti iliandikwa, na yule bwana aliuza ng'ombe akarudisha fedha zote. Uchaguzi uliofuata, diwani wetu aliangushwa kwenye kura za maoni. Kosa lake, walisema, ni kiburi: amedharau chakula cha watu.

Sidharau desturi yetu. Mfipa hamwachi mgeni aondoke na njaa, na wafugaji waliohamia bondeni hawamwachi pia. Lakini mkaguzi si mgeni. Ametumwa na watu ambao hawapo kwenye mkeka, na adabu yake ya kwanza ni kwao. Nimeona ziara nyingi tangu wakati ule: ngoma, fulana mpya, pilau, kisha kamati inapita mbele ya mlango uliofungwa na kuandika kwamba mradi unaendelea vizuri. Hakuna aliyehongwa hata senti. Wameshiba tu, na mtu aliyeshibishwa huona haya kumwambia mwenyeji wake afungue mlango. Aibu hiyo tunaiita heshima, na tunamsema vibaya aliyethubutu kuivuka.

Kwa hiyo simsamehe marehemu, maana hakukosa. Ombi lile la msamaha lilipaswa kuelekezwa kwetu tuliokula. Ndiyo, hata mimi siku ile nilinawa mikono. Anayetaka kumuenzi asimjengee sifa. Achukue chakula chake, aende akafungue banda, ndipo atie saini. Mafundi cherehani walipata mkopo wao msimu uleule, na wanashona mpaka leo. Mlo mmoja uliokataliwa uliokoa shilingi milioni kumi na mbili.