Yai la Nzi Lenye Mikia Miwili

Jamani, leo nimeangalia kitu ambacho mjamzito hatakiwi kukiangalia.

Nipo maabara ya shule, Makambako, nachungulia kwa hadubini mayai ya nzi wa matunda tuliowatega kwa ulanzi, ile pombe ya mianzi.

Kwa kawaida mama nzi huacha ujumbe wa kijeni, mRNA, upande mmoja wa yai, kama agizo: kichwa kiote hapa.

Yai moja lilikuwa kama halikuachiwa agizo.

Mkia huku, mkia kule. Kichwa hakuna.

Na kiumbe chenyewe kinajipinda!

Mama Tumaini, mwalimu mwenzangu, akanivuta bega. "Una mimba wewe! Geuka!"

Nikacheka.

Hapo hapo mtoto akapiga teke juu ya kitovu na chini yake, kwa pamoja.

Akina mama mliozaa, hii ni kawaida?