Kilima Katika Maji ya Dada

Maabarani walimwita Bi Tone, kwa kuwa miaka kumi na mmoja alipima maji ya watu tone kwa tone, na hata chai yake aliinywa vivyo hivyo. Siku hiyo chupa iliyokuwa mezani ilitoka kwenye kisima kipya cha dada yake. Dada mwenyewe, mwenye mimba ya miezi sita, alikaa kwenye benchi la nje ya mlango akijipepea kwa bahasha.

Bi Tone alimimina maji kidogo kwenye gilasi, akachovya kijiti cha kupimia. Ncha yake ilipakwa kaboni yenye vitundu visivyoonekana kwa jicho. Vitundu hivyo hunasa metali. Umeme ukizitoa, mstari kwenye skrini huinuka, kila metali mahali pake.

Mstari ulikwenda tambarare. Pale pa risasi, ukapanda kilima.

Risasi ni sumu isiyo na ladha wala harufu, na mtoto wa tumboni haulizwi kama anaitaka.

"Mbona kimya?" dada aliuliza, akichungulia mlangoni. "Umekunja uso kama mtoto aliyelambishwa kwinini."

"Maji haya unayanywa tangu lini?"

"Tangu kisima kichimbwe. Yana nini? Usinizungushe, mdogo wangu."

Bi Tone alirudisha macho kwenye kijiti. Alikuwa amekumbuka jambo. Kila asubuhi kijiti huonjeshwa kwanza maji matupu ya maabara, yasiyo na metali yoyote, na mstari ukitulia ndipo sampuli huingia. Leo, kwa pupa ya kumhudumia nduguye, hakufanya hivyo. Akakichovya sasa katika maji matupu.

Kilima kikapanda tena.

Akafunua daftari. Kipimo cha mwisho jana: maji ya mtaro wa karakana ya betri. Risasi ile ilibaki vitunduni kama mgeni asiyejua kuaga.

Akachukua kijiti kipya, akakionjesha maji matupu: tambarare. Akapima maji ya dada mara tatu. Tambarare kama meza.

Akatoka, akajitupa kwenye benchi, akicheka na kufuta macho.

"Hayana kitu, dada. Ni mimi tu, nilikuwa na haraka."

"Wewe, haraka? Uliyemchelewesha mama kujifungua wiki mbili nzima?" Dada akanyoosha mkono. "Basi lete chupa, nina kiu."

Bi Tone akamfungulia kifuniko.