Ukungu Kati ya Vioo vya Odeta

Mtu wa Igogo akikuambia mvua inakuja, anua nguo zako kwanza, maswali baadaye. Sisi wa Mwanza hatujisifu, tunasema ukweli tu: mvua ya ziwani haipigi hodi. Unaliona wingu upande wa Kamanga, jeusi kama sufuria ya msibani, unajiambia hilo ni la Sengerema, huku haliji. Ukimaliza kujiambia umeshalowa. Ndiyo maana pale chini ya mawe, kwenye jabali pana ambalo wanawake huanikia dagaa, ipo kazi moja isiyotangazwa gazetini wala kuhitaji cheti. Ni kazi ya kuiona mvua kabla mvua haijakuona. Mwenye kazi hiyo anaitwa Odeta.

Ana miaka sabini na moja. Zamani naye alianika kama wenzake, mpaka siku alipoteleza jabalini, nyonga ikavunjika na haikurudi tena kama ilivyokuwa. Nyumba yake iko juu ya jabali lile, hatua thelathini tu, lakini kwa mguu wake ni safari ya kwenda Magu na kurudi. Mwingine angejilaza akasubiri kuletewa uji. Odeta alichukua filimbi ya marehemu mumewe, aliyekuwa refa wa mpira, refa ambaye nusu ya mji ilimtukana na nusu nyingine ilikuwa haijafika uwanjani, akaketi dirishani. Filimbi moja: wingu limeonekana, kaeni chonjo. Mbili: kusanyeni. Tatu hajawahi kupiga. Anasema tatu ni mpira umekwisha.

Ujira wake ni sado moja ya dagaa kila siku ya kuanika, ile ndoo ndogo ya rangi ambayo sokoni ndiyo kipimo. Wala haikutolewa kwa upole. Aliyekuwa akiileta ni Modesta, mwenye dagaa wengi kuliko wote pale na ulimi mrefu kuliko mtumbwi. Huijaza, kisha huikata juu kwa kiganja, dagaa wote waliochomoza wakarudi kwenye beseni lake.

"Jana ulipiga mbili, wingu likaishia majini," alikuwa akisema. "Umetukimbiza bure, mayu."

"Nimekukimbiza upungue tumbo. Jaza hiyo."

"Imejaa."

"Imejaa kama kikombe cha mchoyo."

Miaka sita walibishana hivyo, na hata katikati ya ubishi Modesta alimwita mayu, yaani mama, kama wenzake wote. Na nikwambie, Odeta aliupenda ubishi ule kuliko dagaa wenyewe. Nani abishane na mtu asiye na kazi?

Sasa dirisha. Usidhani ni dirisha la hivihivi. Kabla ya dagaa, Odeta alifanya usafi miaka kumi na tisa kwenye ofisi ya mzee Rasik, Mhindi mwuza nyavu, huko mjini. Jengo lilipotaka kuvunjwa, mzee aliwaambia wafanyakazi kila mmoja achague kitu. Mmoja akachukua feni. Mlinzi akachukua friji lisilogandisha, akalisindikiza mpaka Buzuruga kama bibi harusi. Odeta akaomba dirisha la upande wa ziwa, lile alilolifuta miaka yote ile. Walimcheka. Wacheke vizuri: lilikuwa la vioo viwili vilivyobanwa pamoja, katikati hewa kavu, pembeni gundi nyeusi, kisha raba. Lilipofungwa nyumbani kwake, mashine ya kusaga ya jirani yake Masalu, iliyokuwa ikimng'oa meno kwa kelele, ikawa inasikika kama nyuki aliye mbali. Halifunguki, na mlango unatazama mlimani; filimbi yake hutoka kwa tundu la hewa lililo juu ya kioo. Igogo nzima hakuna dirisha jingine la namna hiyo. Labda na Nyamagana nzima, lakini hapo sitabisha sana.

Mzee Rasik alimwachia na wosia. "Odeta, katikati futa na kitambaa laini, kama uso wa mtoto. Pembeni kwenye raba usisugue. Raba ikifa maji yanaingia, gundi ikifa kioo kimekufa." Odeta aliuweka wosia huo moyoni, na huko moyoni ndiko ulikobaki.

Masika ya mwaka huu ukungu ukaingia. Kwanza kidogo kwenye kona, kama pumzi ya mtoto. Kisha dirisha zima likawa jeupe, na matone yakitiririka ndani kwa ndani. Kila aliyekuja kumwamkia Odeta alisema shikamoo huku mkono wake ukifuta kioo. Wakafuta nje. Wakaingia ndani wakafuta. Mmoja akatumia limau, mwingine gazeti. Ukungu ulikuwa katikati, unawatazama tu, kama mdaiwa aliyejifungia chumbani.

Odeta hakumwambia mtu kwamba haoni; aliyeuliza alijibiwa kwamba wingu linaonekana hata kwenye ukungu. Alijua dirisha hilo ndilo kazi yake. Likifa, naye atabaki bibi wa kuletewa uji. Akawa anakisia. Kivuli kikipita anapiga moja. Alikisia vizuri siku nane. Siku ya tisa mvua ilishuka na filimbi iko mapajani mwake. Mabeseni manne ya Modesta yalilowa, na mawili ya Hellen, binti aliyekuwa ndiyo kwanza anaanika wa kwake, baada ya miaka ya kumsaidia Modesta. Dagaa wakioza unawajua kwa pua tangu Mabatini.

Alijiandaa kutukanwa. Alikuwa na majibu matatu tayari, moja lao kali kabisa. Asubuhi Modesta akaja na sado. Imejaa mpaka imeota kilele, hakuikata.

"Pokea, mayu," alisema kwa sauti ya kanisani. "Wewe pumzika tu."

Odeta akaipokea. Modesta alipoondoka, aliitazama ile sado yenye kilele, akajua ameshafukuzwa kazi. Ile ilikuwa sadaka.

Siku hiyohiyo akatuma mtu amwite fundi. Akaja fundi mmoja wa mjini, shati limepigwa pasi, tepu kiunoni. Akagonga kioo kwa kucha kama daktari. "Huu ukungu haufutiki, bibi. Kinatolewa chote, kioo kipya kinatoka Dar. Na usafiri, laki tano na ishirini."

"Kwa kuondoa umande?"

"Umande wa ndani, bibi, una bei yake."

Masalu wa mashine, aliyekuwa amesimama mlangoni na unga kwenye kope, akatoa ushauri wa bure. "Pasua kimoja ubaki na kimoja. Utaona mpaka Sengerema."

"Na kelele za mashine yako nitazitia wapi? Kwenye sado?"

Basi akamwita Shimba. Shimba wa Mabatini ndiye aliyelifunga dirisha lile miaka tisa nyuma, na tangu hapo hakuna aliyepumua mbele yake bila kusikia habari zake. Ukimuuliza saa anakuambia kioo cha benki alichokifunga saa kama hizo. Yapo mabenki aliyoyafungia vioo ambayo bado hayajajengwa.

"Shikamoo, mayu. Nimesikia kuna mtu wa mjini ametia mkono kwenye kazi yangu."

"Marahaba. Ametia kucha tu. Laki tano na ishirini kwa kucha moja."

"Angekuja mwanafunzi wangu angemcheka. Kazi yangu haivuji, mayu. Niliwafungia wale wa hoteli, wakaleta mpira wa maji kujaribu, maji yakaomba radhi." Akaweka kidole kwenye pembe ya dirisha, akakiburuta chini taratibu. Kidole kilipofika katikati, mdomo ukajifunga. Odeta hakuwahi kumwona Shimba akiwa kimya, akadhani amebanwa na kifua.

Raba ilikuwa imesagika, imelika kama kisigino cha kandambili. Nyuma yake maji yalikuwa yamekaa yakaiozesha gundi.

"Nani anaosha dirisha hili?" akauliza.

Modesta na Hellen walikuwa wanapanda ngazi ya mawe wakati huo, beseni kichwani. "Sisi," Hellen akajibu, na kifua kikamtangulia. "Kila asubuhi kwa zamu, toka mayu alipovunjika. Magamba ya dagaa yanaganda pale pembeni, basi tunasugua na stili waya na majivu mpaka yatoke. Hatuwezi kumwacha mayu achafukiwe."

"Miaka sita," Modesta akaongeza. "Hajashika tambara."

Shimba akamtazama Odeta. Odeta akatazama ziwa, ingawa ziwa halikuonekana. Kila asubuhi kwa miaka sita ameketi upande huu wa kioo, akiona stili waya inazunguka pembeni, akiukumbuka wosia wa mzee Rasik neno kwa neno. Na kila asubuhi alinyamaza. Ilikuwa raha, jamani. Wewe ukivunjika mguu, ukaja kuoshewa dirisha na watu wawili wanaokuimbia, utasema nini?

Akasubiri Shimba aseme. Alikuwa na haki ya kusema. Jina lake ndilo lililokuwa linavuja. Na akisema, Modesta na Hellen watajua waliozesha dagaa wao wenyewe, kwa mikono yao, kwa heshima yao.

Shimba akakohoa. "Gundi," alisema. "Niliweka ya bei rahisi. Kosa langu."

Kicheko cha Modesta kilifika majini. "Kumbe fundi wa mabenki."

"Hata benki hukosea."

"Maji yakaomba radhi, eti."

"Nitakifungua, nikikaushe, nitie chembechembe mpya za kunyonya unyevu na gundi ya kweli. Vifaa elfu themanini na tano. Ufundi sitaki hela." Hakumtazama mtu. Akatoa kioo, akakifunga kwa blanketi, akaondoka nacho kwenye guta, ile baiskeli ya mizigo.

Siku nne dirisha lilikuwa nailoni. Mashine ya Masalu ikarudi kwenye meno ya Odeta. Lakini kilichomnyima usingizi hakikuwa mashine. Upepo uliingiza maneno ya jabalini, na maneno yalikuwa ya Shimba: gundi ya bei rahisi, fundi wa maji yaombayo radhi. Siku ya tatu akamsikia Hellen akisema mwenye nyumba ya wageni pale Mabatini, aliyekuwa ampe Shimba madirisha kumi na mawili, sasa anatafuta fundi mwingine. Odeta akageuza filimbi mkononi. Mumewe alikuwa na dosari zake, lakini penalti aliitoa hata mkosaji akiwa mtu wake.

Shimba aliporudisha kioo, wanawake walipanda wote kushuhudia na kumalizia utani wao. Kilikuwa safi kiasi kwamba Masalu aliingiza mkono kuhakikisha kipo, akagonga vidole. Modesta akafungua mdomo.

Odeta akapuliza filimbi. Moja. Kwa mazoea, kila mtu akatazama Kamanga. Hapakuwa na wingu.

"Wingu liko humu ndani," akasema. "Gundi ya Shimba haikuwa na kosa. Raba ililika kwa stili waya. Mzee Rasik aliniambia pembeni hapasuguliwi, nikawaona mnasugua, nikanyamaza. Nilikuwa naona raha kuoshewa. Dagaa wenu nimewaozesha mimi, kwanza kwa kunyamaza, halafu kwa kukisia kama naona."

Hellen akaitazama stili waya mkononi mwake kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

"Kwa hiyo miaka sita," Modesta akasema, "tumevunja mgongo kuharibu."

"Kwa upendo," Odeta akasema.

"Na wewe umekaa humo umetulia kama mbunge."

"Kabisa."

Modesta ndiye aliyeanza kucheka, safari hii hakumcheka fundi. Hellen akafuata. Kisha Modesta akamgeukia Shimba. "Na wewe uliyajua haya ukala matusi yangu siku nne? Wewe Shimba?"

"Nilikuwa na njaa," Shimba akasema. Dakika moja baadaye alikuwa anaeleza jinsi benki moja ilivyomlilia, na kwa mara ya kwanza wote walimsikiliza mpaka mwisho. Jioni Modesta mwenyewe alishuka Mabatini kuonana na yule wa nyumba ya wageni. Ulimi ule ukikusifia, hata madirisha kumi na mawili ni machache. Zile elfu themanini na tano Odeta alizitoa kwenye akiba yake, akakataa mchango wa yeyote.

Siku mbili baadaye, saa nane mchana, Odeta aliona uzi mweusi juu ya Kamanga, mwembamba kama wanja. Akapiga moja. Uzi ukawa mkanda. Akapiga mbili. Chini watu wakakimbia na maturubai na mabeseni, na tone la kwanza lilipolipiga jabali, halikukuta dagaa hata mmoja. Aliketi nyuma ya vioo vyake akiangalia mvua ikilia jabalini kwa kukosa cha kulowesha, akasema taratibu, "Wabeja," asante ile ya nyumbani, bila kuchagua wa kumpa: mzee Rasik, Shimba, refa wake, na wasuguaji wake wawili.

Asubuhi Modesta akaja na sado. Akaiweka kizingitini, akanyoosha mgongo, akaitazama. Kisha akapitisha kiganja juu yake, kwa nguvu, dagaa wote waliochomoza wakarudi kwenye beseni.

"Umepiga mapema mno jana," alisema. "Tungeanika dakika kumi zaidi."

Odeta akaitazama ile sado iliyokatwa sare, tambarare kama ziwa la asubuhi. Hakumbuki kupewa kitu kizuri kuliko hicho.

"Jaza hiyo," akasema.

"Imejaa."