Mfupa wa Mguu wa Kushoto

Ukimuuliza Marlys Niemi anafanya kazi gani, atakwambia anaandaa bili hospitalini, kisha atakuuliza kama umekula. Ana sababu zake. Siku moja kwenye harusi ya mpwa wake alijaribu kumweleza mtu kazi yenyewe tangu mwanzo, na yule mtu akahama meza.

Mimi nitaeleza kidogo tu, msihame. Hapa Ashtabula, mji wetu mdogo wa bandari, mtu wa saratani akipelekwa kwenye mionzi halazwi tu akapigwa, kama nguo inayopigwa pasi. Anapigwa picha kwanza. Anatengenezewa kinyago cha kumshika kichwa asitikisike. Daktari anachora pa kupiga na pa kuepuka, mwanafizikia anakesha na hesabu zake ili miale itoke pande nyingi na ikutane kwenye uvimbe bila kuugusa uti wa mgongo. Kila hatua ina msimbo wake, yaani namba ambayo watu wa bima wanaisoma na kusema tunalipa au hatulipi, na watu wa bima hawakosi la kusema. Mwaka juzi walikataa mpango wa pili wa mzee mmoja wa saratani ya koo, eti ameshapangiwa mmoja, wa pili wa nini. Marlys na daktari wakakaa pamoja alasiri nzima wakawaandikia kwamba mzee amekonda, kinyago kinampwaya, na miale iliyopangiwa uso wa mwezi uliopita haiwezi kuupata uvimbe wa leo. Bima ikakubali, mzee akaendelea kutibiwa.

Hiyo ndiyo kazi, na Marlys anaipenda kuliko anavyokiri. Ofisi yao iko chini kabisa, haina dirisha, na anaigawana na Delmar Pruitt, mwanamume mnene mpole anayekula mayai ya kuchemsha mezani pake bila aibu. Ghorofani, juu ya vichwa vyao, iko kengele ambayo mgonjwa huipiga akimaliza matibabu. Ikilia, Marlys na Delmar huinua mikono kutoka kwenye kompyuta zao, hukaa kimya kidogo, kisha huendelea. Hakuna aliyewaagiza kufanya hivyo.

Lakini ipo kanuni moja waliyoagizwa, na wanaishika kama dini. Ukikuta jina la mtu unayemjua, humfungui faili lake. Unasema tu "huyu wangu", mwenzako anamchukua, na hakuna anayeuliza zaidi. Katika mji mdogo kama huu neno hilo husemwa mara kwa mara.

Basi Jumatatu moja ya Januari, theluji imefika madirishani mwa nyumba za mji, Marlys alikuwa anapitia orodha ya wagonjwa wapya huku akinywa kahawa. Akafika kwenye jina: Fusco, Concetta. Chini yake mstari mmoja tu. Mfupa, mguu wa kushoto. Mpango mwepesi. Mara chache.

"Huyu wangu," alisema, akaweka kikombe chini.

"Nimemchukua," alisema Delmar.

Connie Fusco si mtu wa kujuana naye tu. Walilea watoto mtaa mmoja, wamecheza bolingi, ule mchezo wa kuangusha pini kwa tufe, timu moja kila Alhamisi tangu nywele zao zikiwa nyeusi, na mdomo wa Connie unajulikana kuanzia bandarini hadi barabara kuu. Mwaka ule Reino, mume wa Marlys, alipofariki, Connie ndiye aliyekuwa akija alfajiri kuzoa theluji kwa koleo mlangoni pa Marlys, kisha anaondoka bila kubisha hodi. Hawakuwahi kuzungumza habari ile. Na wiki mbili zilizopita Connie alijitoa kwenye timu ghafla, eti ana wajukuu wa kuangalia. Wajukuu gani, wakati wote wako mbali kule Arizona?

Sasa sikilizeni jinsi akili ya mtu wa bili inavyofanya kazi, maana kosa hili mwingine hangelifanya. Mimi na wewe tungesikia "mpango mwepesi, mara chache" tukashukuru Mungu. Marlys aliyasikia maneno yale yale akasikia habari ya kifo. Kwa miaka yote aliyokaa chumba kile, mpango wenye mambo mengi, wenye kinyago na picha za kila siku na ugomvi wa bima, ndio wa mtu anayepiganiwa apone. Mpango mwepesi wa mfupa ni wa yule ambaye saratani imeshatoka ilikoanzia ikaingia mifupani, na daktari anachotafuta sasa ni kumtuliza maumivu tu. Mara ngapi ameilaani ile mipango mizito inayomla siku nzima! Leo angetoa chochote Connie apewe mzito kuliko yote.

Angeweza kumfungua. Ni kubonyeza mara moja tu, na ukweli wote ungekuwa pale, ugonjwa kwa jina lake. Hakubonyeza. Angefukuzwa kazi, ndiyo, lakini lililomzuia zaidi ni kwamba Connie mwenyewe hakumwambia, na kama rafiki yako amechagua kukuficha kifo chake, huwezi kwenda kukichungulia kwa mlango wa nyuma. Iliuma. Usilolijua ni usiku wa giza, na Marlys alikuwa amewashiwa kiberiti kimoja kikazimika.

Wiki ile alikuwa analia chooni na kurudi mezani na macho mekundu. Delmar alikuwa anamtazama, anafungua mdomo, anaufunga, anamenya yai.

"Kula kitu, Marlys," ndilo alilosema siku zote tano.

Jumamosi Marlys akampigia Connie simu. "Njoo kwangu tuoke mkate wa iliki."

Connie akamwambia arudie. Mkate ule wa nyanya yake Marlys, aliyekuja na mapishi yake kichwani kutoka Ufini, Connie ameuomba miaka nenda miaka rudi, na Marlys hajapata hata kumruhusu asimame jikoni wakati unakandwa.

Connie alifika amevaa lipstiki yake nyekundu, akichechemea. Marlys alimwona toka dirishani na moyo ukamwuma.

"Shoga, umejigonga kichwa wapi?" Connie aliuliza akivua koti. "Siku zote unaniambia nyanya yako atafufuka akunyonge."

"Amenipa ruhusa."

"Kakupa lini, na yuko kaburini?"

"Kaa. Shika kinu. Iliki ya kununua imeshasagwa haifai, lazima uitwange mwenyewe, halafu uiloweke kwenye maziwa ya moto mpaka yapoe. Siri yenyewe ndiyo hiyo."

"Ndiyo hiyo tu? Miaka yote nimekuwa nakubembeleza kwa ajili ya maziwa?"

"Twanga, Connie."

Connie akatwanga. Jikoni kukanukia. Walikanda, wakasuka ule unga nyuzi tatu kama nywele za msichana, na Connie akasuka vibaya, akatukana kwa Kiitaliano cha mama yake. Mkate ulipoingia kwenye oveni kuiva, Marlys akafuta mikono, akakaa mbele yake, na yale aliyokuwa ameyabeba wiki nzima yakatoka.

"Majira yale ya baridi aliyokufa Reino," alisema, "nilikuwa nakusikia na koleo lako kila alfajiri. Nilikuwa nimelala pale sina haja ya kuamka tena. Nikikusikia, najisemea, Connie keshafika, basi ngoja niamke. Sijawahi kukwambia asante. Ningekufa mimi kama si wewe. Nakupenda, mwenzangu, na nilipaswa kulisema zamani."

Connie uso wote ukambadilika, lipstiki peke yake ndiyo ikabaki na rangi.

"Marlys," alisema polepole. "Unaumwa nini?"

"Mimi? Siumwi."

"Usinidanganye. Siri ya mkate, na maneno haya. Wamekwambia nini kule hospitali? Una muda gani?"

"Connie, mimi mzima kabisa."

"Basi nani mgonjwa humu ndani?"

Kanuni ilimfunga mdomo Marlys, lakini macho hayana kanuni. Yakashuka yenyewe mpaka kwenye mguu wa kushoto wa Connie. Connie akayafuata macho yale, akautazama mguu wake, akamtazama Marlys, akakumbuka rafiki yake anafanyia kazi wapi.

"Umeniona kule kwenu."

"Siwezi kusema nimekuona wala sikukuona."

"Ukadhani nakufa."

"Siwezi kusema nimedhani kitu."

"Kisigino, Marlys," alisema Connie. "Ni kisigino. Nikikanyaga asubuhi naona nyota. Siku hizi wanakipiga mionzi kidogo tu, maumivu yanaisha, hakuna saratani wala nini. Wametangaza mpaka redioni. Wewe umekaa humo humo kwenye shimo lenu huna habari?"

Marlys akafunika uso kwa aproni na kulia, kilio kile cha mtu aliyetua mzigo. Connie akacheka mpaka akashika meza, kisha naye akaanza kulia, wakawa vikongwe wawili wanalia na kucheka katikati ya unga. Na Delmar yule, alijua tangu Jumatatu, na mayai yake!

"Kwa nini hukuniambia?" Marlys aliuliza alipopata pumzi.

"Nikwambie nini? Mimi ndiye niliyekucheka mbele ya timu nzima kwa zile soli zako laini za kuweka ndani ya viatu, nikakuita bibi kizee. Sasa nije niseme kisigino kimenishinda? Afadhali wajukuu wa Arizona."

"Mwongo mkubwa wewe."

"Na siri ya mkate sirudishi."

"Sijakuomba uirudishe."

Connie aliuinua mguu wake wa kushoto akauweka juu ya kiti cha pili, bila kuficha tena, akafuta macho.

"Yale uliyosema," alisema. "Ya koleo."

"Ndiyo?"

"Uliyasema ukidhani nakufa. Haihesabiki hiyo. Niambie tena nikiwa mzima."

"Acha utoto, Connie."

"Niko hapa nimekaa, sina pa kwenda. Nangoja."

Marlys alitazama dirishani, akatazama jiko, akakunja ncha ya aproni. Wiki nzima maneno yale yalimjia yenyewe, na sasa hata la kwanza halikutaka kutoka. Kisha akaanza upya, kuanzia ile baridi, kuanzia sauti ya koleo alfajiri, akayasema yote mpaka mwisho akimtazama usoni. Mkate ukaungua upande wa chini. Waliula hivyo hivyo, na siagi.