Kinshasa hadi Kisangani kwa ndege: hesabu yangu ilivyomkosesha mdogo wangu mazishi

Siku ile tulikuwepo mimi Ramazani, dada yangu mdogo Zaina, tonton Saleh ambaye ni mdogo wa marehemu baba, imamu wa mtaa wetu, na majirani waliojaa uani. Aliyekosekana ni mmoja tu: mdogo wetu Amisi, anayeishi Kinshasa.

Wakuu, salamu kwenu. Nimeona humu mtu anauliza Kinshasa hadi Kisangani kwa ndege ni muda gani. Nitamjibu, ila jibu langu lina kaburi ndani yake. Sitaongeza chumvi.

Bibi ndiye aliyetulea wazazi walipofariki. Mimi kama kaka mkubwa, Yaya wao, niliacha shule nikaendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, ili wadogo wasome. Amisi akasoma mpaka akafika Kinshasa.

Bibi alifariki alfajiri. Kwetu Waislamu maiti haicheleweshwi, lakini imamu alikubali tusubiri kidogo, maana Amisi alikuwa amepata nafasi kwenye ndege ya siku hiyohiyo. Akapiga simu:

"Yaya, tunaruka midi. Munigojee, nitie hata udongo kidogo."

Nikapiga hesabu. Ni kilomita elfu moja na mia mbili na ushee, saa mbili angani. Midi ni saa sita mchana; ukijumlisha mbili, saa nane. Nikatangaza mbele ya wote.

Zaina alikuwa mlangoni. "Yaya, midi ya kwao ao ya kwetu?"

"Midi iko midi, Zaina. Ndege haina midi mbili."

Watu wakacheka. Hata tonton, msibani.

Hapa niseme kitu. Mimi ni mtu wa mto. Ukishuka Yanonge kwa mtumbwi wa injini, saa ya huku ndiyo ya kule. Lakini Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, na hilo nalijua! Redio ya kule ikitaja saa, naongeza moja bila hata kufikiri.

Siku ile sikuongeza.

Saa nane ikafika, kimya. Saa nane na nusu, simu yake haipatikani. Wingu lilishaziba mto wote.

"Mutoto wangu," tonton akasema, "ndege za huku tunazijua. Pengine haikuruka."

Wote wakaniangalia. Nikasema twendeni tukazike.

Ndege ilitua saa tisa, kwa wakati wake kabisa. Amisi aliingia uani na begi mgongoni, sisi tumesharudi, udongo bado uko miguuni.

Nikampeleka kaburini. Akachota udongo, akabaki ameushika. Kisha akanigeukia.

"Yaya, unisamehe. Nimechelewa."

Nikamjibu, "Si kitu."

Amesharudi Kinshasa. Anaamini angetafuta ndege ya asubuhi angemuwahi Bibi. Zaina ananiuliza kila tukikaa kula, "Yaya, utamuambia lini?" Namwambia kesho.

Basi ndugu uliyeuliza: ni saa mbili angani, lakini ukitua huku utaisogeza saa yako ya mkononi mbele kwa saa moja, zionekane tatu. Ulizia kwanza ni saa ya nani. Na mdogo wako akiuliza swali mbele za watu, usimjibu kwa kuchekesha.

Mliowahi kukaa na jambo kama hili, mlianzaje kulisema? Maana samahani ile ilikuwa yangu kuiomba, yeye ndiye aliyeilipa. Mimi bado nadaiwa.