Jina Kwenye Kitabu cha Kliniki

Natasha alizaliwa tarehe thelathini Januari mwaka wa 2014, mchana, katika chumba chetu cha kupanga karibu na ziwa Naivasha. Asubuhi hiyo, kwenye shamba la maua la kampuni nilikofanya kazi, nilikuwa nimekata waridi ndoo kumi na moja. Ya kumi na mbili niliiacha katikati ya mistari, nikamwambia askari wa geti kwamba tumbo linanikata. Kwa hilo sikudanganya.

Mimba niliificha miezi yote chini ya dastkoti kubwa. Sisi wa kontrakti tulijua: ukionekana na tumbo, kontrakti yako ikiisha haiandikwi tena, na hakuna atakayekuambia kwa nini. Na Januari ndiyo mwezi mbaya kuliko yote, kwa sababu huko Ulaya wanataka maua ya siku ya wapendanao, na sisi tulikata hata Jumapili. Nilikaa nyumbani siku tisa. Nikarudi na hadithi ya taifodi. Supavaisa aliniangalia kifuani, akaangalia kando, akanipa barua ya onyo. Siku hizo sikujua kusoma; darasa la ngumbaru, la watu wazima, nimeanza juzi tu. Niliikunja ile barua nikaiweka pamoja na kitambulisho changu, nikaingia grinihausi.

Aliyebaki na mtoto ni Achola, dada ya mume wangu Dalmas. Achola alikuwa amefukuzwa kwenye ndoa yake kwa sababu hakupata mtoto, na alikuja kwetu na begi moja wiki mbili kabla sijajifungua. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Niseme ukweli, nilimshukuru kwa sauti, kanisani, mbele ya watu.

Nilikuwa nikimnyonyesha mtoto alfajiri, nusu nikiwa nimelala, kisha basi la kampuni linapiga honi barabarani. Ikifika saa nne maziwa yanaanza kunitoka yenyewe. Nilikunja kitambaa mara nne nikaweka ndani ya nguo, lakini kufikia saa sita kitambaa kimelowa na dastkoti imeanza kuonyesha. Basi nilikuwa nikienda nyuma ya choo na kuyakamua kwenye mfereji. Maziwa ya mwanangu yalikwenda na maji machafu, na mwanangu akapewa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji.

Jioni nikifika mlangoni Achola ananizuia kwa mkono.

"Oga kwanza, wifi. Usimguse na hiyo dawa."

Alisema kweli. Tulikuwa tukinuka dawa ya kupulizia maua mpaka kwenye nywele. Nilikuwa nikichukua ndoo, napanga foleni kwenye bomba la maji la ploti, pale tulipopanga wengi, naoga, nabadilisha nguo, na nikirudi mtoto ameshalala. Kila siku hivyo. Mimi nilimjua mtoto wangu akiwa amelala. Nilijua jinsi anavyokunja kidole gumba ndani ya ngumi, na jinsi anavyopumua kwa mdomo akiwa na mafua. Sauti yake ya kucheka nilihadithiwa.

Kliniki ilikuwa siku za kazi. Achola ndiye aliyempeleka, kupimwa uzito na kuchanjwa. Alikuwa akirudi na kitabu, ananionyesha vile vidoti vya uzito vinavyopanda. "Ona, wifi, anapanda vizuri." Nilifurahia vile vidoti. Kitabu nilikiweka mwenyewe chini ya godoro, na kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na maandishi ya kalamu ambayo sikumuuliza mtu yanasema nini.

Kwenye ploti walianza kumwita Achola Mama Natasha. Wao walimwona na mtoto mgongoni mchana kutwa. Mimi waliniona na ndoo. Mara ya kwanza tulicheka wote wawili. Kazini nilibaki Jelagat tu, maana huko sikuwa na mtoto, nilikuwa na taifodi.

Mtoto alipofika miaka miwili, Dalmas alipata kazi ya kupakia viazi kwenye malori huko Molo, na akapata pia mwanamke wa kumpikia. Alituma salamu mara tatu. Kisha akachoka na salamu.

Halafu Achola akapata kazi na chumba kwa mkulima mmoja Ndabibi, ng'ambo ya ziwa upande wa magharibi. Akasema huko kuna shule nzuri, hewa safi, na yeye atakuwa nyumbani mtoto akitoka shule. Mimi ningekuwa wapi? Nilikubali. Hakuna aliyenilazimisha. Ada ilitoka kwangu, viatu vilitoka kwangu, na Jumapili nilizopewa nilikwenda kumwona. Natasha alimwita Achola "mama". Mimi aliniita "Mama Jelagat", kama mtu anavyomwita mgeni wa kanisa.

Mwaka jana Natasha alifika gredi ya sita. Shule ikaita wazazi, nami nikaomba ruhusa siku hiyo, nikaenda. Mwalimu alikuwa kijana mwenye haraka.

"Wewe ni nani wake Natasha, mathe?"

"Mama yake."

Akafungua faili, akaniangalia tena. "Mama yake si Achola? Ndiye tuko naye hapa kwenye faili. Hata kitabu cha kliniki kimesema hivyo. Jana alienda kwa naibu wa chifu kuomba ajaziwe fomu ya cheti cha kuzaliwa. Bila cheti mtoto hasajiliwi mtihani. Mwisho ni Ijumaa."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Achola. Nilimkuta nje akimenya viazi, kitabu kikiwa mezani ndani, kimefunikwa karatasi ya nailoni kama Biblia.

"Nani alikuambia uandike jina lako?" nikamuuliza.

Hakuacha kumenya. "Sista wa kliniki aliuliza mama ni nani. Ukisema wewe ni shangazi, anakurudisha: nenda umlete mama. Ningekutoa wapi, Jelagat? Ungetoka siku gani?"

"Ungeniambia."

"Saa ngapi? Ulikuwa unalala na kijiko mkononi."

"Sawa, siku hiyo ulikuwa na haraka. Na hii miaka kumi na moja?"

Hapo akaweka kisu chini. "Kitabu kimeshaandikwa. Kitabu hakidanganyi. Na Dalmas nimempigia simu, amesema ni sawa."

"Dalmas! Dalmas hajui hata mtoto anavaa kiatu namba ngapi."

"Wewe unajua?"

Viatu vya Natasha nilikuwa nikinunua vikubwa, ili avikulie.

Usiniambie hayo ni maneno ya hasira tu. Cheti kikitoka na jina lake, mtoto angekuwa wake mbele ya serikali, shuleni, hospitalini, popote, na mimi ningebaki mwanamke anayekuja Jumapili na mkate. Nilimzaa nikiwa nimeuma leso. Nilirudi kwenye maua nikiwa bado natoka damu. Kama hayo yote hayakununua jina langu kwenye mstari mmoja wa karatasi, basi yalinunua nini?

Jumatano sikwenda kazini. Nilimpigia supavaisa nikamwambia nina shida ya mtoto. Akauliza, "Mtoto gani tena, Jelagat?" Nikakata simu.

Naibu wa chifu, Bwana Kosgei, alituweka mimi na Achola kwenye benchi moja. Mimi nilikuwa na karatasi moja tu maishani mwangu iliyotaja siku zile, nayo ni ile barua ya onyo. Nilimpa. Akaisoma kwa sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia inasema nini: kwamba sikufika kazini kuanzia tarehe thelathini Januari kwa siku tisa, bila ruhusa, na kwamba nilidai kuugua taifodi bila cheti cha daktari.

"Si umesikia?" Achola akasema. "Taifodi. Tangu lini taifodi ikazaa mtoto?"

Kosgei alicheka, kisha akajizuia. Alifungua kitabu cha kliniki, akaanza kunisomea tarehe. "Machi hii, ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Aprili?"

"Kazini."

"Hizi zote?"

"Zote. Sikukosa hata siku moja."

"Mathe," akasema, wala hakusema kwa ubaya, "hapo sasa unanisaidia kukunyima." Akafunga kitabu. "Nani alikuzalisha?"

"Jirani. Anaitwa Kui. Alirudi kwao Molo."

"Mlete kabla ya Ijumaa saa sita. Usipomleta, mimi nitaandika kile kilicho mbele yangu."

Nilikwenda Molo Alhamisi. Huko kulikuwa na baridi ya kuingia kwenye meno. Kui nilimkuta penye malori, amevaa sweta mbili na kofia ya sufu, akichagua viazi vilivyooza kutoka kwenye vizuri. Amezeeka sana huyu bibi tuliyemwita shosho, lakini mdomo wake haujazeeka.

"Jelagat! Nilidhani maua yalikuzika."

Nilimweleza. Alisikiliza huku akitupa viazi vibovu mtaroni.

"Si nilikuambia siku ile uende mwenyewe kwa chifu ukamwandikishe mtoto? Ukanijibu nini? Ukanijibu, 'Shosho, maua.' Hata kitovu hakijadondoka, unaniambia maua."

"Nilikuwa nifanye nini, shosho?"

"Sijui," akasema. "Mimi pia sikujua." Akajifuta mikono, akamwambia mwenye lori kwamba kesho hayuko.

Njiani nilipita karibu na pale wanaposema Dalmas anaishi. Sikuuliza. Sikuwa na hasira ya ziada ya kumpelekea.

Ijumaa saa nne tulikuwa ofisini. Kui hakungoja kuulizwa.

"Kijana wangu, huyu hapa," akanishika goti, "nilimkata mtoto wake kitovu kwa wembe mpya niliotuma dukani. Aliuma leso yangu mpaka akaitoboa, na hajanilipa nyingine. Na yule," akamwonyesha Achola kwa kidevu, "alikuwa anachemsha maji na kulia kuliko mwenye uchungu. Nikamwambia, wewe, nani anazaa hapa?"

Hata mimi nilikaribia kucheka. Achola hakucheka.

Kosgei akamgeukia. "Achola, ulikuwepo siku hiyo?"

Angeweza kukataa. Yalikuwa ni maneno ya mzee wa Molo dhidi ya kitabu.

"Nilikuwepo," akasema. "Na tangu siku hiyo nimekuwepo. Muulize yeye kama alikuwepo."

Hakuna aliyeniuliza. Kosgei alichukua fomu, akaniomba kitambulisho, akaandika polepole, akapiga muhuri. Akasema atawaandikia kliniki barua warekebishe kile kitabu, na cheti chenyewe kitatoka Naivasha. Akanisukumia fomu nihakikishe.

Niliitazama. Ilikuwa mistari tu. Kui naye hajui kusoma. Ofisi sikuwa nikiiamini, maana karatasi zimenidanganya mara nyingi. Nikampa Achola.

"Nisomee jina la mama."

Kosgei aliinua kichwa. Achola aliishika fomu kwa mikono miwili. Midomo yake ilitembea kwanza bila sauti, kisha akasoma jina langu lote, la kwangu na la baba yangu, bila kuruka neno.

"Tena," nikasema.

Akasoma tena. Watu wa kanisa wakisikia habari hii huniambia hapo nilipaswa kumsamehe. Sikumsamehe. Ninajua alimlea. Ninajua asingekuwepo ningepoteza kazi au mtoto. Na ninajua pia kwamba mtu anaweza kukubebea mzigo mpaka ukawa wake, na kila mtu barabarani akaapa ni wake. Yote mawili ninayajua, na bado sijamsamehe.

Tulitoka nje sisi watatu. Simu yangu ililia, ilikuwa kazini, nikaiacha ilie. Nilikuwa nimekosa siku tatu mfululizo, na nilijua barua ya pili inanisubiri. Tulipopita karibu na duka, mwanamke mwenye duka akatoa kichwa dirishani.

"Mama Natasha! We, Mama Natasha!"

Achola aligeuka. Mimi sikugeuka. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo, na sikio langu halikujua kwamba ndilo linaloitwa. Achola alikuwa ameshapiga hatua mbili kuelekea dukani, kisha akasimama, akabaki hapohapo akivutavuta ncha ya leso yake. Ilibidi Kui anisukume begani.

"Nenda. Unaitwa."

Nikaenda. Mwanamke yule aliniangalia, akamwangalia Achola nyuma yangu, asielewe, akanipa sweta ya shule ya rangi ya kijani. "Mtoto aliiacha hapa jana wakicheza."

Niliikunjua nikaipima kwa kuinyoosha mbele yangu. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemnunulia Natasha sweta mpya ya kuvaa nyumbani, iko kwenye begi langu, haijatoka. Hii ya shule ilinifika mimi mwenyewe kwenye nyonga, na mikono yake ilikuwa mirefu karibu sawa na yangu. Ile niliyonunua ilikuwa ya mtoto wa miaka saba.